Nalikuwa na tulikuwaka: historia ya vitenzi vya kale mjini Lubumbashi

Anayesoma Biblia ya Muungano katika kanisa la Katuba au Kamalondo hukutana na vitenzi ambavyo hakuna mtu mjini Lubumbashi anayevitamka akinunua unga sokoni: nalifurahi, twaliona, asemaye. Ibada ikiisha, jirani yake atamsimulia habari za wazee kwa vitenzi vingine kabisa: tulikuwaka, balifanyaka, anakuyaka. Vile vya kwanza huitwa Kiswahili bora, cha zamani na cha heshima. Hivi vya pili huitwa Kiswahili kibovu, kilichoharibikia machimboni. Hukumu hiyo imedumu karibu miaka mia, na waliokuwa wakali zaidi katika kuitoa ni mara nyingi wana Lubumbashi wenyewe. Lakini ukiifuata historia ya vitenzi hivi tangu pwani hadi Haut-Katanga, utaona kwamba baadhi ya vilivyoitwa vibovu vina ukoo mrefu kuliko vya kitabuni, na kwamba baadhi ya vile vya kitabuni viliwahi kuwa vigeni kwao.

Pwani kabla ya shaba

Kiswahili cha zamani tulichonacho kwa maandishi si kingi. Kuna barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, ambazo Wareno walizihifadhi huko Goa. Kuna Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Pate, wa 1728. Mwanzoni mwa karne ya 19 anakuja Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na Al-Inkishafi, akiomboleza majumba ya Pate yaliyobomoka. Msomaji wa leo, awe wa Dar es Salaam au wa Likasi, akifungua tungo hizo hukwama kwenye vitenzi kabla hajakwama kwenye maneno ya Kiarabu.

Sababu kubwa ni hali timilifu. Washairi wa Pate na Lamu walikuwa na njia ya kuonyesha jambo lililokamilika kwa kugeuza mwisho wa kitenzi, badala ya kutia kiambishi mwanzoni. Kusimama kulitoa -simeme, kulala kulitoa -lele, kupata kulitoa -pete. Aliyetaka kusema nimeona alisema mbwene. Umbo hili wanaisimu huliita la -ile, nalo si mali ya pwani peke yake. Limeenea katika lugha za Kibantu kwa namna ambayo huwezi kulieleza ila kwa kusema kwamba lilikuwapo kabla lugha hizo hazijatengana. Mbemba wa Lubumbashi anayesema aishile, yaani alikuja, anatumia umbo lilelile ambalo mshairi wa Pate alilitumia, na hakuna aliyemfundisha utenzi wowote.

Kwa hiyo -me- ilitoka wapi? Ilitokana na kitenzi cha kale, kumala, chenye maana ya kumaliza. Hali timilifu yake ilikuwa -mele. Watu wakaanza kuiweka mbele ya kitenzi kingine, kama mtu anayesema leo amemaliza kula, kisha neno likafupika hadi likabaki silabi moja. Katika tungo za kale maumbo yote mawili hukaa ukurasa mmoja, la zamani na lile lililokuwa linaingia. Mombasa na Unguja -me- ilishinda mapema. Lamu haikushinda yote, na masalia ya -ile bado husikika huko.

Jambo hili huwa linanifurahisha kuliko linavyostahili. Kiambishi -me-, ambacho mwalimu wa Lubumbashi humlazimisha mwanafunzi akitumie ili aseme Kiswahili sanifu, kilikuwa wakati fulani mtindo mpya ambao huenda mzee fulani wa Pate aliusikia kwa vijana akakunja uso.

Mahali pengine vitenzi vya kale vilipojificha ni katika methali. Aisifuye mvua imemnyea: hakuna anayesema aisifuye katika mazungumzo, husema anayeisifu. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kala hapo ni amekula, kwa umbo ambalo vitabu vya sarufi vya shule huligusa kwa haraka na kupita. Methali haibadilishwi na kamati, ndiyo maana hubeba sarufi ya watu waliokufa zamani.

Watu wa msafara, 1850 hadi 1891

Kiswahili hakikufika Katanga kikiwa mikononi mwa washairi. Kilikuja na wachuuzi na wapagazi, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa nacho. Katikati ya karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kufika nchi ya shaba, wakinunua misalaba ya shaba na pembe za ndovu. Mmoja wao, Msiri, alibaki, akajenga ufalme wa Garenganze na mji wake mkuu Bunkeya, kaskazini-magharibi ya mahali ambapo Lubumbashi ingejengwa baadaye. Watu wake wakajulikana kama Wayeke. Bunkeya ilifanya biashara na pande zote mbili za bara: upande wa Angola kupitia Waovimbundu, upande wa mashariki kupitia Unyanyembe na Zanzibar.

Katika njia hiyo ya mashariki Kiswahili kilikuwa lugha ya pili au ya tatu ya karibu kila aliyekisema. Lugha inapojifunzwa njiani, kitu cha kwanza kuanguka ni vitenzi vyenye maumbo ya kukariri moja moja. Huwezi kukisia -wene kutoka kuona, wala -pete kutoka kupata. Lazima uwe umelelewa nayo. Viambishi vya mbele, -na-, -li-, -ta-, ni rahisi: unavibandika kwenye kitenzi chochote na unaeleweka. Katika mafungu ya wapagazi -ile ya kishairi haikuwa na nafasi.

Kinyume chake, masimulizi ya pwani yaliyoandikwa wakati uleule yana umbo jingine lenye nguvu, nalo ni -ka-. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alikaa Zanzibar mwishoni mwa maisha yake akaandika habari zake mwenyewe kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha mnamo 1902 na 1903. Ndani yake mambo hufuatana kwa -ka- moja baada ya nyingine, vita, safari, mazungumzo, bei za pembe, bila kupumzika. Tippu Tip alifariki 1905. Habari zake ni mfano mzuri wa Kiswahili cha msimuliaji aliyezaliwa katika lugha, wakati ambapo maelfu ya wapagazi wake walikuwa wakitengeneza Kiswahili kingine huko bara.

Mwaka 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ulitoka pwani ukiwa na wapagazi walioajiriwa Zanzibar na jirani zake. Ulifika Bunkeya mwezi wa Desemba. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson, ambaye naye alipigwa risasi akafa kwa jeraha hilo. Ufalme ukaanguka, na Katanga ikaingia katika Dola Huru ya Kongo. Kiswahili cha njia ya misafara kilibaki, lakini waliokihitaji sasa walikuwa watu wengine na kwa kazi nyingine.

Kitenzi cha amri

Tayari mwaka 1880 ilichapishwa Brussels kamusi ndogo ya Kifaransa na Kiswahili kwa ajili ya watu wa Association Internationale Africaine. Baadaye vilifuata vitabu vingine vya namna hiyo, kila mara vikiwa vyembamba, kila mara kwa msafiri au ofisa anayeondoka Ulaya. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alivichambua katika kitabu chake cha 1986 kuhusu jinsi Wabelgiji walivyokitwaa Kiswahili. Alionyesha kwamba vitabu hivyo havikuwa na nia ya kumwezesha mtu kuzungumza na mwenziwe. Vilikuwa vya kuamuru. Sehemu za vitenzi zimejaa lete, chukua, simama, nyamaza, fanya upesi.

Amri ndiyo umbo fupi kuliko yote ya kitenzi cha Kiswahili: haina nafsi, haina njeo. Lugha nzima ikipitishwa katika tundu hilo, hakuna ya kale wala ya sasa, kuna ya mara moja tu. Wamisionari wa Kikatoliki waliofuata njia ya Ziwa Tanganyika walifanya tofauti kidogo. Kituo cha Mpala kilianzishwa 1883 na Emile Storms, kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Huko kaskazini ya Katanga walihitaji katekisimu, na katekisimu haiwezi kuandikwa kwa amri tupu. Inahitaji kueleza nani aliumba nini, lini, na nini kitatokea baadaye. Sarufi kamili ya Kiswahili ilianza kuingia Katanga kwa mlango wa dini.

Mji ulioanza bila lugha yake, 1906 hadi 1930

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mji ukapewa jina la Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kutoa shaba. Kwa hiyo kabla ya Wabelgiji kujipanga vizuri, mji ulikuwa umeunganishwa na Rhodesia na Afrika Kusini, kwa watu, kwa mizigo na kwa lugha. Wazungu wengi wa mwanzo walizungumza Kiingereza. Wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini. Machimboni ilitumika Fanakalo, lugha ya amri ya migodi ya kusini, ambayo ng'ambo ya mpaka iliitwa Chikabanga.

Hapa ndipo historia ilipogeuka, na sababu yake haikuwa ya lugha. Utawala wa Kibelgiji ulihofu kwamba Katanga ingegeuka kuwa mkia wa nchi za Waingereza. Kibemba kingeweza kuwa lugha ya mji, lakini Kibemba kilielekea kusini. Kiluba kilikuwa cha kundi moja miongoni mwa mengi. Kiswahili kilielekea mashariki na kaskazini, ndani ya koloni, na hakikuwa cha kabila lolote lililokuwapo Élisabethville. Kikapewa nafasi makambini, mashuleni, katika vitabu vya misheni. Wabenediktini wa Jean-Félix de Hemptinne na Wasalesiani, waliofika mwanzoni mwa miaka ya 1910, wakakitumia.

Wafanyakazi nao walikuwa wanabadilika. Union Minière ilianza kuajiri Kasai, Lomami, na kwa miaka michache katika miaka ya 1920 Ruanda-Urundi. Kisha karibu na 1927 kampuni ilibadili sera: badala ya watu wa miezi sita wanaokuja na kuondoka, ilitaka mfanyakazi wa mkataba wa miaka mitatu, aje na mke, alelee watoto kambini. Gharama za kuajiri zilikuwa kubwa na watu walikuwa wanakufa. Kampuni ilikuwa inahesabu pesa. Lakini matokeo yake kwa lugha yalikuwa makubwa kuliko ya kitabu chochote cha sarufi, kwa sababu sasa walizaliwa watoto ambao baba alisema Kiluba, mama Kibemba, jirani Kirundi, na wote kwa pamoja Kiswahili. Watoto hao hawakujifunza lugha ya msafara. Waliifanya kuwa lugha ya nyumbani.

Na mtoto anayekua na lugha huidai itoshe. Anataka njia ya kusema jambo lililokuwa likifanyika kila siku zamani, jambo ambalo babu alizoea, jambo linaloendelea sasa hivi mlangoni. Kiswahili cha wapagazi kilikuwa kimepoteza baadhi ya njia hizo, au hakikuwahi kuzipokea. Pwani ilikuwa na hu- kwa mazoea: hulala, huenda. Haikushika mizizi Élisabethville. Wana mji wakachukua kitu walichokijua kutoka lugha za wazazi wao, wakakibandika mwishoni mwa kitenzi: anafanyaka, anaendaka, tulikuwaka, balizaliwaka. Kwa tendo linaloendelea wakaunda niko nafanya, uko nasema. Badala ya aliyekuja wakasema mutu mwenye alikuya, na kwa wengi batu benye balikuya. Kiambishi ba- cha watu kikachukua mahali pa wa-, na hata Wazungu wakawa bazungu.

Sasa tazama hiyo -ak-. Bukavu na Goma ni -ag-, anafanyaga, lakini ni kitu kimoja. Lingala inayo pia: alobaka, yaani husema. Kisukuma na Kinyamwezi vina -aga. Mwaka 1967 Mbelgiji A. E. Meeussen alipochapisha jaribio lake la kuirudisha sarufi ya lugha mama ya Kibantu, kiambishi cha mazoea cha umbo hili kilikuwamo. Kiswahili cha pwani ndicho kilichokipoteza njiani. Lubumbashi ilikirudisha kwa mikono ya mama wa Kibemba na baba wa Kiluba, bila kujua kwamba inarudisha kitu. Mwalimu aliyekikata kwa kalamu nyekundu alikuwa anakata umbo lenye umri mkubwa kuliko Kiswahili chenyewe.

Kamati ya Mombasa, na kurudi kwa nali-

Wakati watoto wa makambi walipokuwa wanaunda sarufi yao, mashariki ilikuwa inaunda nyingine kwa mkutano. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakakubali lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kimaeneo ilianza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Wanachama walikuwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Hata hivyo wamisionari wa Katanga walisoma vitabu vilevile, wakaagiza vitabu vilevile, na kidogo kidogo Kiswahili cha Unguja kikawa kipimo ambacho Kiswahili cha Élisabethville kilipimwa nacho, kisha kikaonekana pungufu.

Kisha ikaja Biblia ya Muungano, kamili, mwaka 1952. Wafasiri walitaka lugha ambayo Mombasa na Unguja wangeweza kuisoma pamoja, na walitaka lugha yenye uzito. Nali- na twali- badala ya nili- na tuli- ni sehemu ya uzito huo. Katika vitabu vya Unguja vya karne ya 19 maumbo hayo yalikuwapo kama kawaida. Kufikia 1952 mazungumzo yalikuwa yamekwisha kuyaacha, lakini Biblia ikayashika. Kwa Mkristo wa bara ambaye hakuwahi kuishi Unguja, umbo hilo halikuwa la kale. Lilikuwa la Mungu.

Waingereza walipita njia hii kabla yetu. Biblia yao ya 1611 imejaa vitenzi vyenye kiishio -eth, na watu hudhani hivyo ndivyo London ilivyozungumza wakati huo. Hapana. Mitaani -s ilikuwa imekwisha kushika, na Shakespeare mwenyewe alitumia yote mawili kwa kadiri ya mizani ya mstari. Lakini wafasiri wa 1611 walijenga juu ya kazi ya William Tyndale, ambaye Agano lake Jipya lilichapishwa 1526, na kiishio cha Tyndale kikabaki. Kwa vizazi vilivyofuata, sarufi iliyokuwa ya kawaida kwa babu ikawa sauti ya mimbari.

Kwa upande wa Katanga kulikuwa na tofauti moja. Mwingereza wa karne ya 18 aliyesikia -eth kanisani alikuwa anasikia lugha ya babu zake mwenyewe. Mfanyakazi wa Union Minière aliyesikia nalifurahi alikuwa anasikia lugha ya babu wa mtu mwingine, iliyopita Unguja, ikapita London mahali ilipochapishwa, ikamfikia ikiitwa kale yake.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950 kulikuwa na watu waliofanya kinyume. Padri Placide Tempels, Mfransisko, alianzisha vuguvugu la Jamaa huko Kolwezi, na mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili cha wafanyakazi na wake zao. Mwaka 1952 Hugh Tracey alikuja Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi kijana mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda. Kwa santuri na kwa mahubiri, vitenzi vya makambini vilianza kuhifadhiwa bila ya kamati.

1965: boyi anaandika historia

Uhuru ulikuja 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na hali hiyo ikaisha Januari 1963. Katikati ya vumbi la miaka hiyo, mwaka 1965, ilitoka Élisabethville hati ya kurasa zaidi ya 30 iliyopigwa kwa taipureta. Jina lake lilikuwa la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani kulikuwa na Kiswahili, na haikuwa kamusi. Ilikuwa historia ya mji. Mwandishi wake, André Yav, aliiandika kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, wale walioitwa boyi.

Sijui maandishi mengine ya Katanga yanayonishughulisha kama haya. Hapa mji unatazamwa na mtu aliyesimama nyuma ya kiti cha bwana wakati wa chakula. Wazungu wanatokea kwa majina ya utani waliyopewa na watumishi. Leopold yumo, Msiri yumo, reli imo, mishahara na mapigo yamo. Yav hakuandika Kiswahili bora. Aliandika kama mji ulivyosema, na kwa kuwa mji haukuwa na tahajia, aligawanya maneno jinsi sikio lilivyomwelekeza. Kiambishi kinaweza kusimama peke yake, maneno mawili yanaweza kushikana, nukta inaweza kukosekana ukurasa mzima.

Fabian alipotaka kuichapisha alikuta kwamba jicho peke yake halitoshi. Alimwomba Kalundi Mango, msomi wa Lubumbashi, aisome kwa sauti. Ilipotamkwa, sentensi zikajitenga zenyewe: kituo kikaonekana, kitenzi kikapata nafsi yake. Usomaji huo ukaandikwa upya, na kitabu kikatoka 1990 kikiwa na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Njia hii si mpya kama inavyosikika. Nyaraka nyingi za kale za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zinasomwa hivyohivyo, kwa sababu hati hizo, kabla hazijarekebishwa kwa lugha yetu, hazikutenganisha e na i wala o na u. Anayezisoma lazima awe anaijua lugha tayari, ndipo sauti itamwambia kitenzi ni kipi. Barua ya Kilwa ya 1711 na hati ya Yav ya 1965 zinamtaka msomaji mwenye mdomo.

Kitu kingine. Yav aliandika mambo yaliyopita, na kwa hiyo alihitaji njeo zilizopita za kila namna: lililotokea mara moja, lililozoeleka, lililokuwa likiendelea. Amri, ambalo ndilo umbo la kwanza Wazungu wake walijifunza kumsemesha nalo, haikumfaa kitu.

Wanaisimu wanafika

Edgar Polomé alikuwa amefundisha chuo kikuu cha Élisabethville tangu 1956 hadi uhuru. Alikuwa bingwa wa lugha za kale za Ulaya, na labda ndiyo sababu hakuziba masikio. Mwaka 1968 alichapisha maelezo ya Kiswahili cha Lubumbashi, jina ambalo mji ulikuwa umelipokea 1966. Baada yake alikuja Schicho, ambaye mwaka 1982 alitoa kitabu kizima cha Kijerumani kuhusu sintaksia ya lugha hiyo. Kabla ya hapo, 1981, yeye na Mbayabo Ndala walikuwa wamechapisha michezo ya kundi la Mufwankolo, waigizaji ambao kila mtu mjini aliwajua kwa redio na televisheni.

Mufwankolo na wenzake wanastahili kusimama hapa kwa muda. Waigizaji walicheza na tabaka za lugha kama mtu anayejua kila moja inauzwa wapi. Mwalimu au katekista katika mchezo husema Kiswahili bora, chenye -me- na aliye-, na watazamaji hucheka kabla hajamaliza. Chifu wa kijiji huchanganya lugha yake. Mke sokoni ndiye anayesema kama watu. Kiswahili cha kitabu, ambacho kanisani kiliinuliwa, jukwaani kiligeuzwa kichekesho, na kila mtazamaji alijua pa kucheka.

Miaka ya 1970 Fabian alifundisha Lubumbashi. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimpelekea picha zaidi ya 100 za historia ya Zaire, na akamweleza kila moja kwa Kiswahili cha mji. Mazungumzo yao yalirekodiwa. Huko tena kitenzi cha Lubumbashi kilibeba historia nzima, kuanzia Wareno hadi Mobutu, na hakikuvunjika.

Matokeo ya kazi hizi zote yalikuwa ya ajabu kidogo. Kiswahili cha Lubumbashi kikawa mojawapo ya Viswahili vilivyochunguzwa kwa makini sana duniani, kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na wakati huohuo shule za mji zikaendelea kufundisha kwamba hakipo.

Malori ya Kasumbalesa

Katiba ya 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Haisemi Kiswahili kipi. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa na Haut-Katanga ikawa mkoa. Mwaka 2022 Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shaba na kobalti za Katanga hutoka kwa lori, na sehemu kubwa hupita Kasumbalesa, Zambia, Nakonde na Tunduma hadi bandari ya Dar es Salaam. Njia ya Msiri imefunguka tena, safari hii kwa lami.

Pamoja na malori yanakuja Kiswahili cha redio, tamthilia, nyimbo za Tanzania na mahubiri ya YouTube. Vijana wa Lubumbashi wanasikia amefika na ameenda kila siku, wakati nyumbani wanasema anafika kwa jambo lililokwisha tokea, na mama yao anawaelewa. Wengine wameanza kuitumia -me- wakitaka kuonekana watu wa kusafiri. Mzee aliyelelewa kambini huitumia akisali.

Lakini dereva wa Mwanza anayesubiri forodha Kasumbalesa haleti Kiswahili cha kamati. Anasema nilikuwaga, anaendaga, alishawahigi. Shule za Tanzania zinaikata hiyo -ga kwa kalamu nyekundu, zikisema imeletwa na Wasukuma. Upande wa Kongo mwalimu anaikata -ka, akisema imeletwa na Waluba. Dereva na mchuuzi wa Kasumbalesa, wakipatana bei ya nyanya, mmoja akisema ilikuwaga mia tano na mwingine akisema ilikuwaka elfu moja, hawahitaji mkalimani.